Betri ya pili kwa safari fupi: friji, joto na barabara za Tanga

Joto la pwani ya Tanga mwezi wa Februari ndilo linalochagua betri ya pili, ile ya ziada unayoiweka garini ili iendeshe friji ukiwa kambini. Mwenye duka ana lake la kusema, na kijana wa mtandaoni anayepiga kambi kwenye nchi za baridi ana lake, ila mchana wa nyuzi 32 wenye unyevu wa bahari, na usiku unaogoma kupoa, ndivyo vinavyoamua friji yako itakula umeme kiasi gani na betri yako itadumu kwa muda gani.

Nianze na wale wasiohitaji chochote. Mji wetu una usemi wake, waja leo waondoka leo. Kama safari yako ni ya namna hiyo, kwamba unafika Ushongo au Kigombe asubuhi na kesho yake unarudi, betri ya pili haikuhusu. Nunua barafu, ijaze kwenye deli, deli liweke kivulini, na samaki uliyemchukua soko la Deep Sea alfajiri atakuwa mzima hadi wakati wa kuwasha mkaa. Nasema hivyo kwa sababu nimeona watu wakitoa pesa nyingi kwa ajili ya usiku mmoja. Maneno yanayofuata ni ya anayekaa usiku wa pili na wa tatu, mahali pasipo na soketi.

Kwangu mimi friji ya garini ilianza na dawa. Mama anatumia insulini, na si mtu wa kubaki nyumbani wajukuu wakienda pwani. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinatakiwa kikae kati ya nyuzi 2 na 8, na kisigande, maana kikiganda ni cha kutupa. Deli haliwezi kukuhakikishia hilo. Asubuhi kichupa kinalalia bonge la barafu, jioni kinaelea kwenye maji yenye uvuguvugu. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza mafundi, kupima na kuandika namba, na kadiri nilivyopima ndivyo nilivyoona kwamba watu wengi tunauliza swali kwa kuanzia mkiani. Tunauliza betri iwe kubwa kiasi gani. La kuuliza kwanza ni nini kitakachoijaza.

Kabla ya betri, friji yenyewe. Zipo zile ndogo nyepesi za bei rahisi, zenye feni na kibati kinachopoa upande mmoja na kupata moto upande wa pili. Hizo hazina kompresa. Zinapoza kama nyuzi 18 hadi 20 chini ya hewa iliyopo nje, basi. Fanya hesabu: nje ni 32, ndani utapata 12 au 14, na kwa kazi hiyo inavuta ampea 4 au 5 bila kupumzika, mchana na usiku. Inakula umeme wote huo na samaki anaharibika vilevile. Kwa joto letu sizishauri hata kidogo.

Ya kompresa ni habari nyingine. Friji ya lita 40 inapokuwa inafanya kazi huvuta karibu ampea 4, ikishapoa inajizima, baridi ikipungua inawaka tena. Kwa hiyo kinachokula betri ni muda inaowaka. Kule Lushoto mwezi wa Julai, usiku unapokuwa wa kujifunika mablanketi, kompresa inawaka mara chache tu. Iteremshe friji hiyohiyo Pangani mwezi wa Februari, mchana itawaka zaidi ya nusu ya muda, na usiku karibu theluthi. Mimi nikipiga hesabu za pwani huchukua Ah 42 kwa saa 24, yaani zile ampea-saa zilizoandikwa ubavuni mwa betri. Ukiitaka igandishe kama friza, zidisha mara mbili hivi.

Kuna namna ya kupunguza mzigo huo bila kununua kitu. Washa friji nyumbani siku moja kabla, kwa umeme wa TANESCO, na uingize vitu vilivyokwisha kupoa. Lita 10 za maji ya kunywa zilizoingizwa zikiwa na nyuzi 30 zitakula zaidi ya Ah 15 kabla ya kufika nyuzi 4, na hizo ni karibu theluthi ya umeme wa siku nzima umezitumia kupozea maji ya bomba. Acha nafasi pale friji inapotolea hewa ya moto, usiisonge kwa mabegi. Na gari lililofungwa vioo juani huvuka nyuzi 50 ndani, kwa hiyo acha dirisha wazi kidogo, au ishushe friji uiweke chini ya mkungu.

Sasa betri. Ile iliyokuja na gari ni ya kuwashia injini. Ndani ina sahani nyingi nyembamba za risasi, zilizotengenezwa kutoa mkupuo mkubwa wa ampea kwa sekunde chache, kisha zijazwe palepale na altaneta, ile inayozungushwa na injini na kuzalisha umeme. Ukiikamua polepole usiku kucha, siku baada ya siku, sahani hizo zinachakaa haraka. Halafu kuna usalama wako: magari mengi siku hizi ni ya otomatiki, na otomatiki haisukumwi ikawaka. Kwenye hifadhi ya Saadani, ambako simba wapo na jirani wa kukupa busta hayupo, betri ya kuwashia haiguswi na friji. Kwangu hili halina mjadala.

Betri ya pili basi iwe ya kazi hiyo. Madukani utasikia N70, N100, N150, na wauzaji wengi watakwambia chukua N100 ya maji, ni imara. Imara ni kweli, kwa lori. Nyingi ya hizo ni betri za kuwashia zenye umbo kubwa tu. Isitoshe, betri ya maji ikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 ndani ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Betri ya maji haikai ndani ya gari mnamolala watoto. Kama ni ya risasi na inakaa kwenye buti, iwe AGM, ile ambayo asidi yake imenyonywa kwenye nyuzi za kioo, haimwagiki na haitoi hewa nyingi, na iwe imeandikwa kuwa ni ya kutumika kwa kina (deep cycle). Betri ya jeli nayo inafaa, ila haitaki kuchajiwa kwa volti za juu, na altaneta nyingi za magari hutoa zaidi ya inavyopenda.

Upande wa pili ipo lithiamu, na hapa naongelea ile ya chuma na fosfati, LiFePO4, ambayo ni tulivu kuliko lithiamu za kwenye simu. AGM ya Ah 100 ina uzito wa kilo 30 hivi. Lithiamu ya Ah 100 ni kilo 12 au 13. Lakini uzito ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba ya risasi ukitaka idumu unatumia nusu yake tu, wakati ya lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 kila safari na bado ikahesabu maelfu ya mizunguko. Ah 100 zilizoandikwa ubavuni ni Ah 50 za kweli kwenye AGM, na Ah 90 kwenye lithiamu.

Sasa nirudi kwenye kuijaza, maana hapa ndipo Tanga inapotofautiana na zile safari za majangwani tunazozitazama kwenye simu. Mtu anayevuka jangwa anaendesha saa sita kila siku. Sisi kutoka mjini hadi Pangani ni kilomita 50. Miaka yote ambayo nimekuwa nikivuka kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, kwa kivuko, injini imezimwa wakati wa kusubiri, kisha ni kipande kifupi hadi Ushongo. Altaneta inafanya kazi saa moja na nusu, labda kidogo zaidi, halafu gari linaegeshwa siku mbili tatu. Jumapili jioni, saa moja na nusu nyingine, tumefika nyumbani.

Betri ya risasi haipendi maisha hayo. Inapokuwa nusu hupokea umeme kwa kasi, lakini ikifika asilimia 80 inaanza kukataa, na ile asilimia 20 ya mwisho inaweza kutaka saa nne au zaidi, hata altaneta iwe kubwa namna gani. Ni kama kujaza mtungi wenye mdomo mwembamba: ufungue bomba lote, juu maji yataingia kwa zamu yake. Kwa hiyo AGM yako inarudi kutoka Ushongo ikiwa nusu, inafika Chumbageni ikiwa robo tatu, inaegeshwa wiki nzima hivyohivyo. Risasi ikikaa bila kujaa, chumvi ya salfeti iliyoota kwenye sahani inageuka kuwa ngumu, na sehemu hiyo ya betri haikurudii tena. Mwenye betri anaona inapungua nguvu kila mwezi na analaumu duka. Joto nalo linaongeza lake: kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya risasi kwa nusu. Ndiyo maana sipendi betri ya pili ikae chini ya boneti, jirani na injini, hata pakiwa na nafasi iliyotengenezwa kiwandani.

Lithiamu haina tabia hiyo. Inapokea umeme kwa kasi ileile karibu hadi mwisho, na kukaa bila kujaa hakuiumizi. Kwa safari fupi kama zetu, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuilipia, na ni nadra kumsikia muuzaji akiitaja. Wao hutaja miaka 10 na uzito.

Tufanye hesabu ya wikendi. Unafika Ijumaa jioni, unaondoka Jumapili mchana, tuseme saa 44. Kwa Ah 42 kwa siku, friji itataka Ah 77. AGM moja ya 100 inakupa 50, haifiki. AGM mbili zinafika, na umebeba kilo 60. Lithiamu moja inafika na akiba inabaki. Ukiongeza siku hadi tatu kamili, mahitaji ni Ah 126, na hapo hakuna betri moja ya 100 itakayofika yenyewe. Lazima jua lisaidie. Paneli ya wati 100 kwa pwani yetu, siku nzuri, baada ya kupoteza kunakotokana na joto na pembe ya jua, hukurudishia kama Ah 25. Siku tatu ni 75. Lithiamu: 90 na 75, umepita salama. AGM: 50 na 75, ni 125 kwa 126, na wingu moja la vuli linatosha kukuharibia.

Paneli ina ugomvi wake wa kudumu na friji. Friji inataka kivuli, paneli inataka jua. Iliyofungwa juu ya paa inakulazimisha uegeshe gari juani, na umeme unaoupata unaishia kupambana na joto ulilolikaribisha mwenyewe. Mimi ninatumia paneli ya kukunja yenye waya wa mita 10, gari linakaa chini ya minazi (si chini ya nazi zilizokomaa, tafadhali) na paneli inalala mchangani, inageuzwa mara mbili tatu kwa siku. Watoto wanapenda kazi hiyo ya kuigeuza.

Sasa namna ya kuunganisha. Njia ya zamani ni rilei, swichi inayoangalia volti: injini ikiwaka na volti zikipanda kufika kama 13.3 au zaidi, inaziunganisha betri mbili, zikishuka, inazitenganisha. Ni rahisi, ni nafuu, na kwa gari la zamani lenye AGM inatosha kabisa. Land Cruiser na Hilux za miaka ya nyuma zina altaneta inayotoa 14.2 hadi 14.4 muda wote. Lakini magari mapya mengi yana altaneta inayoongozwa na kompyuta. Betri ya kuwashia ikishatosheka, kompyuta inashusha volti ili kuokoa mafuta, na betri yako ya nyuma inabaki na njaa wakati unaendesha. Kulijua hili hakuhitaji utaalamu. Nunua mita ya kupimia umeme, endesha nusu saa, kisha pima kwenye vichwa vya betri injini ikiwa inanguruma. Ukiona 14.2 au 14.4 iliyotulia, uko sawa. Ukiona 12.8, au namba inayopanda na kushuka, rilei haitakufaa.

Kwa gari la namna hiyo, na kwa kila anayeweka lithiamu, ninasisitiza chaja ya DC-DC, ya betri kwa betri. Inachukua umeme wowote inaopewa na altaneta na kuutoa kwa volti ambazo betri ya nyuma inazitaka. Na lithiamu ina hatari moja isiyosemwa: ukiiunganisha moja kwa moja, inavuta ampea nyingi mno, na altaneta iliyo kwenye foleni ya kivuko, injini ikizunguka polepole bila upepo, inaweza kuungua. Chaja ya ampea 25 inaweka mpaka. Saa moja na nusu ya barabara ya Pangani inakupa Ah 37 hivi, karibu umeme wa siku nzima ya friji.

Nieleze jambo moja nililoliona kwa macho. Shemeji yangu ana Hilux, friji yake nyuma, na kila usiku wa manane ilikuwa ikijizima. "Betri imekufa hii," akasema, na tayari alikuwa na bei za betri mpya kwenye simu. Tukampelekea mzee mmoja, fundi umeme wa magari kule Ngamiani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Hebu iwasheni hiyo friji."

Hakuigusa betri. Akaweka mita kwenye vichwa vyake kompresa ikiwa inanguruma: 12.5. Akatembea hadi nyuma, akachomeka ncha zilezile ndani ya soketi ya friji: 11.7. Akatutazama, akarudia mara ya pili ili tuone kwamba mkono wake haukuteleza. Betri ilikuwa na chaji ya kutosha, ila volti 0.8 zilikuwa zikipotelea njiani. Friji nyingi zina kinga ya betri yenye ngazi tatu, na ya shemeji ilikuwa kwenye ile ya juu, inayokata umeme mapema kuliko nyingine volti zikishuka. Kila betri iliposhuka kidogo usiku, friji iliona volti ndogo kuliko zilizopo na kujizima.

Mzee akafuata waya kwa vidole. Ulikuwa waya wa nyumbani, wa milimita za mraba 1.5, wa shaba ngumu, umepitishwa chini ya kapeti hadi nyuma. Mita 5 kwenda na 5 kurudi, kwa ampea 5 za friji ile, waya huo peke yake unakula karibu volti 0.6. Zilizobaki zilikuwa kwenye soketi, ile ya kuwashia sigara, ambayo ndani yake kulikuwa na unga wa kijani wa kutu ya shaba. Akaweka waya laini wa milimita 6, fyuzi ya ampea 15 umbali wa shubiri moja kutoka kichwa cha betri, na plagi ya Anderson badala ya soketi. Akapima tena. Upotevu haukufika 0.2. Akaishusha kinga ya friji ngazi moja. Shemeji hakununua betri.

Ndiyo maana nikiulizwa pesa ya kwanza iende wapi, nasema iende kwenye waya. Waya wa nyumbani mgumu haufai garini hata ungekuwa mnene, maana mtikisiko wa barabara ya vumbi unaukata taratibu ndani ya ngozi yake. Na fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na friji. Kazi yake ni kuulinda waya, na waya ukichubuka kwenye bati katikati ya safari, fyuzi iliyo mwishoni haitaona kitu. Lithiamu ikipigwa shoti inatoa ampea mamia kwa mamia kabla kinga yake ya ndani, ile BMS, haijakata.

Mzee yuleyule ndiye aliyenionyesha namna ya kuijaribu betri ya risasi kabla ya kuiamini. Unaijaza hadi mwisho, unaiacha itulie saa kadhaa, unapima: iliyojaa inasoma 12.6 au 12.7. Kisha unaiunganisha na balbu ya taa kubwa ya gari, ya wati 55, ambayo huvuta ampea 4.6 hivi, karibu sawa na friji. Unaiacha saa 10. Umetoa Ah 46. Zima, iache itulie, pima tena. Betri ya Ah 100 iliyo kweli ya 100 itasoma karibu 12.2. Ikisoma 11.9, kilichoandikwa ubavuni na kilichomo ndani ni vitu viwili. Kwa lithiamu usitumie njia hii ya volti, kwa sababu volti zake hubaki karibu palepale, 13 na ushei, tangu imejaa hadi inapokaribia kwisha. Hiyo inataka kifaa cha kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka, na nashauri ukinunue pamoja nayo.

Dukani nako usione haya kutoa mita yako. Betri ya risasi hujipunguza chaji yenyewe ikikaa rafuni, na joto huharakisha. Mpya ikisoma 12.4 au chini ya hapo, imekaa sana na salfeti imeshaanza kazi. Omba nyingine. Tazama pia tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi imegongwa kwenye plastiki ya juu.

Na wale wanaotumia gari la kuazima, au Noah ya familia ambayo hawataki kuitoboa? Kuna maboksi ya umeme ya kubeba mkononi, lithiamu na kila kitu ndani. Ni mazuri, hayahitaji fundi, unayajaza nyumbani. Udhaifu wake ni kwamba kwa soketi ya gari mengi hujazwa kwa wati 100 hivi tu, kwa hiyo mwendo wa Pangani hauongezi zaidi ya kile friji inachokula njiani na ziada kidogo. Ukiwa na boksi la Wh 1000 (wati-saa) na paneli ya kukunja, wikendi inapita bila shida.

Basi ningemshauri nani nini? Mwenye gari la zamani na mfuko mdogo, anayepiga kambi mara mojamoja: AGM ya Ah 100, rilei, waya wa milimita 16 au zaidi kati ya betri mbili, paneli ya wati 100, na chaja ya nyumbani ya umeme wa TANESCO. Hiyo chaja ya nyumbani asiifanye ya hiari. Usiku wa kurudi, kabla hata ya kufungua mabegi, betri ichomekwe na ibaki hapo hadi asubuhi, maana barabara fupi haijaijaza na haitaijaza. AGM inayotunzwa hivyo itamtumikia miaka. Mwenye kwenda kila mwezi, au mwenye dawa ya mgonjwa ndani ya friji: lithiamu ya Ah 100 na DC-DC ya ampea 25, na asiangalie nyuma. Kwa dawa sitaki hesabu inayofika ukingoni.

Iwe ipi, ifungwe kwa mkanda wa chuma au wa kamba nene, si kuegemezwa na ndoo ya mkaa. Hewa ya chumvi inafika popote. Baada ya kila safari ya pwani mimi hufungua vichwa vya betri, navisafisha kwa brashi na, kama ni ya risasi, kwa maji yenye magadi kidogo, navikausha, nafunga, kisha napaka grisi juu. Ni kazi ya dakika chache, na unga ule wa kijani haurudi.

Gari likikaa muda mrefu bila safari, kama wakati wa masika ambapo njia za Saadani zinageuka tope, ya risasi iwekwe ikiwa imejaa na ikumbukwe kuchajiwa kila mwezi. Lithiamu ni kinyume: ipunguze hadi nusu au robo tatu, itenganishe na friji na chaja, iweke ndani mahali penye kivuli. Friji yenyewe iache mlango wazi kidogo, na kitambaa kikavu ndani.